Maji ya Benchini

Kazi waliyopewa watoto ilikuwa nyepesi: kila mmoja alete neno moja alilolisoma mwenyewe, pasipo kusaidiwa na mtu. Mtoto wa mshonaji alileta CHUMVI, neno alilolikata kwenye mfuko wa chumvi. Mmoja wa pacha alileta MOTO kutoka kwenye boksi la viberiti. Mwenzake, ambaye kwa kawaida hakuleta chochote, alileta MOTO vilevile na kushikilia kwamba wake ulikuwa moto mwingine. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa muda, kisha ikakubaliwa.

Shule yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha fundi viti. Vitabu havikuwapo. Zilikuwapo karatasi za makopo, mifuko na maboksi, ambazo mke wa fundi alizibandua, akazinyoosha na kuzibandika kwenye kadibodi, na kwa hizo watoto wa ua mzima walijifunza kusoma. Yeye walimwita Mwalimu. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, likabaki naye hata baada ya dhihaka kuchoka.

Wa mwisho kusimama alikuwa binti yake, aliyeitwa Redio kwa sababu alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa mbele yake, yakiwemo maandishi ya migongoni mwa fulana za wapita njia. Alishika kipande cha karatasi nyeupe chenye herufi nyekundu, kingo zake zikiwa bado na gundi.

"Su-mu," alisoma. "U-si-gu-se." Akainua uso. "Nimeleta mawili."

"Tuliambiwa moja," pacha mmoja alilalamika.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu, na alikuwa ameshalitamka hilo alipoutambua mwandiko. Ulikuwa wake.

Aliuliza karatasi imetoka wapi. Redio alijibu kwamba aliibandua jana usiku kwenye chupa ya jikoni, ile ya juu ya kabati, na alipoona uso wa mama yake unabadilika aliongeza haraka utetezi ambao kisheria haukuwa na kasoro: "Sikuigusa, mama. Niligusa karatasi tu."

Mwalimu aliwaambia watoto wanakili neno MOTO mpaka arudi. Alitembea hadi jikoni kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa watoto walikuwa wanamtazama. Juu ya kabati palikuwa na duara safi katikati ya vumbi. Chupa haikuwapo.

Jioni iliyotangulia alikuwa ameyeyusha kostiki ndani ya maji, ile dawa ya kutengenezea sabuni inayopata moto yenyewe na ambayo ikidondoka kwenye ngozi huila kimyakimya. Majirani walimletea mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Yeye aliwarudishia vipande vya sabuni, na hakuna aliyetupa kitu. Maji ya kostiki aliyaacha yapoe, akayamimina kwenye chupa iliyowahi kuwa ya juisi, maana katika nyumba ile hakikuwapo kitu kilichozaliwa kwa kazi moja tu. Kifuniko chake kilikuwa cha bluu, na alikifunga kwa uzi. Kilichomo kilikuwa cheupe, kisicho na harufu, na safi kuliko maji waliyokunywa.

* * *

Mama mkwe wake, ambaye ua wote ulimwita Bibi, alikaa mlangoni akiunganisha vitambaa vya mabaki kuwa shuka moja. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na aliupitisha kwa jaribio la kwanza, kama alivyofanya siku zote. Alipoulizwa kuhusu chupa hakuinua macho.

"Ile ya maji? Nimeipeleka benchini alfajiri. Bomba limekauka, watu wanahangaika, na sisi ndoo zetu zimejaa. Kwani nimekosea?"

Benchi lilikuwa karibu na bomba la ua. Ambacho hukihitaji ulikiweka pale, unachokihitaji ulikichukua. Bomba likikauka, waliojaza ndoo waliwawekea chupa za maji wale ambao hawakuwahi kujaza. Aliyeweka hakujitangaza, aliyechukua hakuulizwa, na sharti lilikuwa moja tu: mwenye maji kwake hagusi. Ulikuwa utaratibu mzuri. Uliwezekana kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kitu kilichowekwa benchini kinaweza kumdhuru mtu.

Mwalimu alitazama. Benchini palikuwa na sahani yenye ufa na kiatu kimoja cha mtoto.

"Kulikuwa na nini ndani?" Bibi aliuliza, na safari hii sindano ilisimama.

"Kostiki, Mama."

Bibi hakuuliza kostiki ni kitu gani. Alikuwa ameuona mwiko uliotumika kuikoroga, ulivyoliwa ncha ukabaki kama kitu kilichotafunwa. Aliiweka shuka chini, akaiokota tena, akaiweka chini.

Hivyo ndivyo mambo mema matatu yalivyokutana juu ya kabati moja: mama aliyefundisha kwa karatasi za makopo, mtoto aliyependa kusoma, na mzee aliyewahurumia jirani zake. Kama mmoja wao angekuwa mvivu, kusingetokea kitu.

Mwalimu alimpigia simu mumewe. Fundi viti alikuwa upande wa pili wa mji, katika nyumba yenye geti, akisuka upya vikalio vya viti vya chumba cha kulia. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo mkewe hakulitarajia liwe la kwanza.

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Pita mlango kwa mlango, uliza taratibu. Mwenye nyumba alishatukataza kupika madawa chumbani. Akisikia hili, leo hii vyombo viko nje."

"Na mtu akinywa?"

"Nani anakunywa kitu bila kukinusa?"

Wote wawili walijua kwamba haina harufu. Mwalimu alisema sawa.

Fundi alikata simu akabaki ameishika. Kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Alfajiri ile, akitoka na mfuko wake wa vifaa, alikumbuka kwamba hakubeba maji, na kurudi ndani kungewaamsha waliolala. Benchini palikuwa na chupa. Aliichukua, yeye ambaye ndoo zake zilikuwa zimejaa, na akaichomeka ubavuni mwa mfuko wa vifaa kama mtu anayeokota kitu chake. Kifuniko chake hakukiangalia. Alijiambia kwamba pengine palikuwa na chupa mbili. Alijiambia kwamba ataiangalia kwanza, na ikiwa ndiyo, ndipo atakapopiga simu. Akaufungua mfuko. Mlikuwa na nyundo, visu na mafungu ya ukindu. Chupa haikuwamo, wala ubavuni haikuwapo.

* * *

Mwalimu alianza na Mama Pacha, kwa kuwa mlango wake ulikuwa karibu na benchi. Alimkuta amebandika sufuria jikoni. Alimsalimu, akauliza hali ya miguu yake, akasikiliza habari za miguu hiyo kwa urefu uliostahili, kisha akasema kwamba kuna chupa yake moja imepotea, yenye kifuniko cha bluu kilichofungwa uzi, na kwamba alipewa na marehemu dada yake.

"Chupa ya plastiki?"

"Ni kumbukumbu tu."

"Mwenzangu, ukifika mahali pa kulilia plastiki, tuambie tukuchangie." Hata hivyo Mama Pacha alikuwa mtu wa huruma. Aliinama, akavuta mfuko uvunguni, akaanza kutoa chupa moja baada ya nyingine, ndefu, fupi, zilizobonyea, huku akieleza kila moja alivyoipata. Nyingine zilikuwa tupu, nyingine zilikuwa na maji. Yenye kifuniko cha bluu haikuwapo. Lakini vifuniko katika ua ule vilihama kutoka chupa hadi chupa, na Mwalimu alilijua hilo, na macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

"Hayo maji ya sufuriani umeyapata wapi, jirani?"

Mkono wa Mama Pacha ulisimama hewani. "Umesemaje?"

"Nauliza tu."

"Nimeyatoa benchini. Tena jana, si leo. Kama yalikuwa ya kwako na unataka urudishiwe, sema nikupimie."

Mwalimu alikanusha, lakini alikuwa ameshasogea. Alichovya kidole kwenye chupa iliyokuwa wazi, akakisugua kwa kidole gumba, akisubiri utelezi wa kostiki. Hakikuteleza. Alichovya kwenye ya pili.

"Sasa unaonja maji yangu kwa kidole," Mama Pacha alisema, polepole, kama mtu anayesoma. "Watoto wangu wako kwako tangu asubuhi, nikasema huyu ni mtu wangu. Kumbe unanihesabia maji."

Huko chumba cha mbele pacha walisikika wakibishana kuhusu moto. Mwalimu aliomba radhi, akatoka kinyumenyume. Alikuwa amemkosea jirani, amemsingizia marehemu dada yake zawadi, na asubuhi ilikuwa inakwenda.

Mlango wa mshonaji ulikuwa umefungwa. Mshonaji alikuwa sokoni, lakini mama yake mzazi, asiyeweza kuinuka kitandani bila kushikwa, huachwa ndani na chupa ya maji karibu na mto. Mwalimu alibisha. Aliita kwa adabu. Kutoka ndani kilimjibu kikohozi. Alibisha tena, akauliza, "Mama, umekunywa maji?" Kikohozi kikaja kirefu zaidi, kikasimama ghafla katikati.

Alingoja kiendelee. Hakikuendelea.

* * *

Katika nyumba yenye geti, fundi viti alimuuliza mfanyakazi wa ndani, binti mchangamfu aliyevaa kilemba cha maua, kama ameiona chupa iliyokuwa ubavuni mwa mfuko.

"Ah, ile iliyokuwa inachomwa na jua? Nimekuwekea kwenye friji ipoe, fundi. Huku hatunywi maji ya moto."

Alishukuru. Kwa kuwa wema ulikuwa umeenea siku ile kama mafua, hakuwa na mtu wa kumlaumu. Aliuliza kama anaweza kwenda kuichukua. Binti alisema mafundi hawaingii jikoni, mama hapendi, na mama mwenyewe yumo humo anaongea na simu, asubiri kidogo.

Fundi alisubiri. Alikaa sakafuni, akavuta ukindu, akapitisha juu, akapitisha chini. Angeweza kusema. Sentensi yenyewe aliitunga mara kadhaa, na kila mara ilitoka vilevile: nimeingiza sumu kwenye friji yenu, na niliitoa kwenye benchi la watu wasio na maji, ilhali mimi ninayo. Hakuiona sentensi ambayo ingemwacha na kazi baada ya kusemwa. Akaitafuta nyingine iliyo fupi.

"Dada, naomba maji yangu, kiu imenibana."

Binti alikwenda, akarudi na glasi imejaa, imefanya jasho la baridi. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, na ulimi ukamkauka kwa kweli.

"Haya ni ya kwangu?"

"Ni ya humu ndani, yamepoa zaidi. Yako yamo, si utaondoka nayo?"

Mtoto wa nyumba ile, msichana wa rika la Redio, alipita akiburuza kiti cha mwanasesere. Alimtazama fundi, akaiona glasi, akaendelea kuelekea jikoni. Fundi alipitisha ukindu juu mahali ulipotakiwa kupita chini, akaufumua, akapitisha tena juu.

* * *

Sauti ya Mwalimu haikuwa kubwa. Alisimama kwenye benchi, akasema mara ya kwanza kama anayeomba samahani, kisha akasema tena kama alivyozoea kuwaambia watoto waliokaa nyuma.

"Kuna chupa ya sumu imetoka kwangu. Ni nyeupe kama maji. Iliwekwa hapa alfajiri. Tafadhali mtu asinywe kitu."

Milango yote ikafunguka. Mlango wa mshonaji ulivunjwa kufuli na mwanamume aliyekuwa anafua. Mama mgonjwa alikutwa yu hai, amelala usingizi, chupa yake haijaguswa. Alipoamshwa na kundi la watu aliuliza ni nani amekufa.

Kisha maji yakaletwa. Kila chumba kilitoa kila chupa kiliyokuwa nayo, na ziliposimamishwa benchini na chini ya benchi ndipo ilipoonekana jinsi watu wasiotupa kitu walivyofanana: chupa zilezile, karatasi zimebanduliwa zote kwa ajili ya shule ya Mwalimu, vifuniko vimebadilishana, na ndani ya kila moja kitu cheupe. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba iliyo mbele yake ni maji.

Mwalimu alimtuma Redio alete karatasi za manjano. Watoto walizitengeneza wenyewe katika somo la rangi: karatasi iliyopakwa manjano ya jikoni, ambayo ikiguswa na maji ya sabuni au ya kostiki hugeuka nyekundu. Somo hilo lilipofundishwa wazazi walilicheka, wakisema manjano yanaharibiwa. Sasa walisimama wamezunguka, wasipumue, huku Redio akichovya na mama yake akiishika kila karatasi mwangani. Njano. Njano. Mama Pacha alipofikiwa na zamu alikumbatia watoto wake wote wawili kwa mkono mmoja. Njano.

Chupa zilikwisha. Hakuna karatasi iliyogeuka, na hakuna aliyefurahi. Waliona maana yake: chupa ilikuwa mahali wasipopajua.

"Yaani ulikuja kwangu ukanidanganya habari za dada," Mama Pacha alisema. "Wanangu wako ndani kwako, sufuria iko motoni, na wewe unaniuliza hali ya miguu."

Mwalimu alimpigia mumewe, na simu ilipopokelewa alisema kwanza lile alilodhani litamkasirisha.

"Nimewaambia wote. Haipo hapa, tumepima kila kitu. Baba Redio, nani mwingine alipita benchini alfajiri?"

Upande wa pili palikuwa na mlio wa mlango wa friji.

"Mimi," alisema fundi, na simu ikaanguka.

* * *

Aliingia jikoni alikokatazwa kuingia. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi, chupa yenye kifuniko cha bluu ikiwa mezani, uzi wake umekatwa, na glasi iko mdomoni. Mama yake alikuwa dirishani na simu sikioni, amewapa mgongo.

Sentensi ile ndefu haikuhitajika. "Sumu," alisema fundi, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mahali popote, akaipiga glasi kwa kiganja. Ilipasuka sakafuni. Chupa nayo ilipinduka, ikamwagika juu ya mkono wake alipokuwa anaizuia isimfikie mtoto.

Mtoto alilia kwa sababu mgeni amempiga. Mama alipiga kelele kwa sababu hiyohiyo, mpaka alipoona vanishi ya meza inavimba na kutoa mapovu, ndipo akanyamaza, akamvuta mtoto, akamfungua mdomo, akaukagua kwa vidole, midomo, ulimi, ufizi. Havikuwa na kitu. Kisha akakagua tena.

Bomba la nyumba ile lilikuwa na maji mengi. Fundi aliushika mkono chini yake, akaona ngozi ya juu ya vidole inateleza kama sabuni, na akafahamu kwamba kweli ilikuwa sabuni, iliyotengenezwa kwa mafuta ya ngozi yake mwenyewe.

"Ulijua?" mama wa nyumba aliuliza.

"Nilikuwa sijahakikisha."

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Binti mwenye kilemba cha maua alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vioo, analia pasipo sauti, kwa kuwa ndiye aliyeiweka. Fundi angeweza kumjibu mama swali lake kwa usahihi. Aliendelea kutazama maji.

* * *

Alirudi kabla ya jua kushuka, mkono umefungwa kitambaa, mfuko wa vifaa umebebwa na mwendesha pikipiki aliyemwonea huruma. Ua ulikuwa unamngoja. Aliwaambia yote wakiwa wamesimama, pamoja na lile la benchi, na watu walilipokea lile la benchi kwa ukimya mzito zaidi kuliko lile la sumu. Sumu ilikuwa bahati mbaya.

Mwenye nyumba alifika, akatazama jiko, akasema kazi ya sabuni imekwisha, na kuhusu chumba atafikiri. Alisema hivyo kwa upole, na upole huo uliwanyima usingizi. Mama Pacha alikuja kuchukua kadibodi za wanawe. Pacha mmoja aliomba aachiwe MOTO wake, akanyimwa. Wengine hawakuja kuchukua kitu. Asubuhi iliyofuata watoto wao hawakuonekana tu.

Redio hakusoma. Kopo la maziwa lilikuwa mbele yake wakati wa kifungua kinywa, na aliligeuza lielekee ukutani. Mama yake alimwambia si kosa lake, akamweleza kwa mpangilio mzuri, kama alivyoeleza kila kitu, na mtoto akaitikia kwa kichwa kama anayekubali kunywa dawa. Baba yake alijaribu mzaha, akasema redio imeishiwa betri. Aliusema akiwa ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, na mzaha ukafia hapohapo.

Bomba lilikuwa bado kavu. Benchi lilikuwa tupu. Hata kile kiatu kimoja mtu alikiondoa.

Bibi alijaza chupa kutoka kwenye ndoo. Alimpa Redio karatasi na penseli, akamwomba aandike neno maji, kwa herufi kubwa. Mtoto aliandika bila kusema. Bibi aliibandika kwa gundi ya unga, akatoka, akaisimamisha benchini, akarudi kwenye shuka yake.

Chupa ilikaa. Aliyekuwa anafua aliizunguka. Mshonaji alipita na ndoo tupu, akaitazama kama anavyotazamwa mbwa asiyejulikana, akaenda kutafuta maji mtaa wa pili. Mama Pacha alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Jua lilipanda, likaipita.

Ndipo Bibi alipoinuka, akaenda benchini, akaita, "Redio. Njoo unisomee."

Mtoto alikwenda mpaka nusu ya njia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana: "Si unaona mwenyewe, Bibi."

"Naona. Kusoma ndiko sijui."

Alilisema kwa sauti ya kufika milango yote. Mwalimu, aliyekuwa kizingitini, alimtazama mzee huyo ambaye kila ujumbe wa simu aliuleta asomewe akidai macho ni mabovu, na ambaye aliutunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Alikuwa amefundisha watoto wa ua mzima, na shule hiyo ilipakana na kitanda cha mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kusoma.

"Kwa hiyo karatasi ingekuwapo, isingekuwapo, jana ningeipeleka vilevile," Bibi alisema. "Ningeuona ule wino mwekundu, ningesema chupa imependeza. Umenisikia, mjukuu wangu? Si wewe. Haya. Imeandikwaje hapa?"

Redio aliyatazama maandishi yake mwenyewe. Mkono ulikwenda kwenye mfuko wa gauni, ukatoka na kipande cha karatasi ya manjano.

"Sikuulizi hiyo," Bibi alisema. "Nakuuliza imeandikwaje."

Mtoto alianza, akaacha, akaiangalia chupa kwa upande wa pili ambako hapakuwa na kitu, akarudi upande wa maandishi.

"Ma," alisema. "Ma-ji."

Bibi alifungua kifuniko akanywa. Hakuonja; alikunywa kama mtu mwenye kiu, kichwa kimelazwa nyuma, na ua wote ulitazama koo lake likipanda na kushuka. Alipomaliza alifunga, akairudisha chupa benchini ikiwa nusu, kisha akakaa hapohapo kando yake, kwa makusudi, mahali ambapo kila mlango ungemwona kama angeanguka.

Hakuna aliyeondoka mlangoni. Redio alikaa karibu naye, akamshika kifundo cha mkono. Kila baada ya kitambo alimuuliza kama bado yupo, na kila mara Bibi alijibu kwamba yupo.